Ngazi, kiwi na giza: Majengo yanavyowaumiza wasioona vizuri

Kwa miaka sita nimekuwa nikimtibu mzee mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye ana glakoma, ugonjwa ambao wengi huuita presha ya macho. Daktari wa macho ndiye aliyemwandikia dawa ya matone. Mimi humwona kila baada ya miezi mitatu kwa sababu ya maradhi mengine ya uzeeni. Kila alipokuja nilimwuliza iwapo anatia matone yake kila jioni, naye alijibu kwamba hajakosa hata siku moja. Nami nikaandika kwenye faili yake: "Anaendelea vyema."

Siku moja Mwalimu aliletwa kwa gari akiwa amelazwa kwenye kiti cha nyuma. Alikuwa amekwenda kumtembelea mwanawe, anayeishi orofa ya pili katika jumba la kukodisha hapa mjini. Wakati wa kushuka alishikilia reli ya ngazi kama kawaida yake. Kwa bahati mbaya, reli hiyo ilikoma kabla ya kipandio cha mwisho. Mkono ulipokosa kitu cha kushika, alidhani amekwisha kufika chini. Kipandio hicho kilikuwa cha saruji ya kijivu, na sakafu nayo ilikuwa ya saruji ya kijivu. Alitia mguu hewani, akaanguka kwa ubavu na kuvunjika nyonga.

Alipasuliwa, akakaa hospitalini majuma matatu. Aliporudi kwangu alikuwa akitembea kwa kushikilia chuma cha miguu minne. Nilimpa pole, nikamweleza kuhusu mazoezi na chakula cha kuimarisha mifupa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Daktari, kila nikija hapa unaniuliza kuhusu dawa. Mbona hujawahi kuniuliza kuhusu ngazi?"

Sikuwa na jibu. Akaongeza: "Hata mlango wako huu wa kioo, mimi huupapasa tu. Sijapata kuuona."

Mpenzi msomaji, makala ya leo yanahusu swali hilo la Mwalimu. Sisi madaktari tumezoea kuyatazama macho ya mgonjwa na kuisahau nyumba anayorudi kulala. Lakini kuanguka si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka ulimwenguni kutokana na kuanguka, na wengi wao ni wazee. Asiyeona vizuri yumo katika hatari kubwa zaidi. Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya hatari hiyo yaweza kuondolewa kwa kopo la rangi, balbu na fundi wa siku moja.

WENGI WAO HUONA KIDOGO

Mtu akitajiwa asiyeona, aghalabu humfikiria aliye katika giza totoro, mwenye fimbo nyeupe na miwani myeusi. Hao wapo, lakini ni wachache. Walio wengi wana kile tunachokiita uoni hafifu. Kwa kipimo cha WHO, mtu huhesabiwa kuwa kipofu iwapo jicho lake lililo afadhali halifikii 3/60. Maana yake ni kwamba hawezi kuona akiwa umbali wa mita 3 kile ambacho mwenye macho mazima hukiona akiwa mita 60. Kati ya kiwango hicho na 6/18 ndipo walipo wenye uoni hafifu.

Wataalamu walikadiria kwamba mwaka 2020 ulimwengu ulikuwa na vipofu milioni 43, na watu milioni 295 wenye uoni hafifu wa kadiri au mbaya. Yaani kwa kila kipofu mmoja walikuwapo karibu watu 7 wanaoona kidogo. Hapa kwetu Kenya, sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 300,000 wenye umri wa miaka 5 na kuendelea walio na shida ya kuona.

Kwa nini hesabu hii ni muhimu kwa mjenzi? Kwa sababu wengi wanaokumbuka jambo hili huweka maandishi ya breli kwenye lifti na kudhani kazi imekwisha. Breli ni ya lazima kwa anayeisoma. Lakini Mwalimu hasomi breli. Yeye ana macho yaliyobaki kidogo, na angependa kuyatumia. Jengo zuri ni lile linalomsaidia kuyatumia.

Kuona kidogo pia si kwa namna moja. Mwenye mtoto wa jicho huona kama anayetazama kupitia ukungu, na taa kali humtia kiwi. Mwenye glakoma hupoteza kwanza uwezo wa kuona pembeni na chini, kwa hivyo anaweza kusoma gazeti hili na bado ajikwae kwenye ndoo iliyo miguuni pake. Mzee ambaye sehemu ya katikati ya retina yake imechakaa huona pembeni, lakini uso wa anayezungumza naye huwa ni waa tupu. Mgonjwa wa kisukari anaweza kuona mabaka meusi hapa na pale. Naye mwenye ualbino husumbuliwa mno na mwanga mkali.

Ukitaka kuonja kidogo hali hizi, fanya jaribio ukiwa umeketi. Kunja karatasi mbili ziwe kama mirija, uzishikilie machoni: hivyo ndivyo glakoma iliyokomaa inavyofanya. Kisha tazama kupitia mfuko wa nailoni uliopakwa mafuta: huo ni mtoto wa jicho. Mwisho, weka ngumi mbele ya kila jicho na ujaribu kumtambua aliye mbele yako. Usijaribu kutembea katika hali hiyo bila mtu wa kukushika.

TOFAUTI YA RANGI

Somo la kwanza kwa kila mwenye nyumba ni hili: kitu kinachotakiwa kuonekana kisifanane na kilicho nyuma yake. Mlango mweupe kwenye ukuta mweupe haupo. Swichi nyeupe kwenye ukuta mweupe haipo. Katika vyoo vingi vya kisasa, ukuta ni mweupe, sakafu nyeupe, bakuli la choo jeupe na kifuniko cheupe. Mwenye macho mazima huona usafi, lakini mwenye uoni hafifu huona theluji, na hulazimika kupapasa mahali ambapo hakuna mtu angependa kupapasa. Kifuniko cheusi au cha buluu hutatua shida hiyo kwa dakika kumi.

Wajenzi wa Uingereza hutumia kipimo cha kiasi cha mwanga ambao rangi huurudisha, kuanzia 0 kwa nyeusi kabisa hadi 100 kwa nyeupe kabisa. Mwongozo wao unataka sehemu mbili zinazopakana, kama vile ukuta na mlango, zipishane kwa alama 30 au zaidi. Huna haja ya kununua chombo cha kupimia. Piga picha ya mahali hapo kwa simu yako, kisha uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Ikiwa ukingo wa kipandio au mlango umepotea kwenye picha, basi umepotea pia kwa mgonjwa wangu. Utashangaa kwamba nyekundu na kijani, ambazo wewe waziona kuwa mbali kabisa, mara nyingi hugeuka kijivu kile kile.

Hata hivyo, tusitie rangi ovyo. Mstari mweusi uliokatiza sakafu nyeupe huonekana kama kipandio, na zulia dogo jeusi katikati ya sebule huonekana kama shimo. Nimewahi kumwona mama mmoja akiinua mguu juu ili kuvuka mstari wa vigae usiokuwa na kimo chochote. Sakafu iwe ya rangi moja tulivu, na mabadiliko ya rangi yawekwe tu mahali penye jambo la kuambiwa mtu.

MWANGA USIOTIA KIWI

Macho ya binadamu huzeeka kama viungo vingine. Mboni hupungua upana na lenzi huwa ya manjano, kiasi kwamba retina ya mtu wa miaka 60 hupokea takribani thuluthi moja tu ya mwanga unaoifikia ya kijana wa miaka 20. Ngazi inayoonekana kuwa na mwanga wa kutosha kwa msimamizi kijana wa jumba ni giza kwa mpangaji mzee.

Lakini kuongeza mwanga si kutundika balbu moja kali. Balbu iliyo uchi usawa wa macho hutia kiwi, na aliyetiwa kiwi ni heri angekuwa gizani. Mwanga uwe mwingi, utawanyike, na utoke juu au nyuma ya kifuniko. Usipishane mno kutoka sehemu moja hadi nyingine, kwa kuwa macho ya mzee huchukua muda mrefu kuzoea atokapo juani kuingia ndani. Mlango wa kuingilia ndio unaohitaji taa zaidi mchana, wala si usiku peke yake.

Adui mkubwa ni sakafu inayong'aa. Siku hizi kila mwenye jumba anataka vigae vinavyometa kama kioo. Dirisha likiwa mwisho wa korido ndefu, jua huakisiwa na sakafu hiyo hata mtu anayekuja upande huo haoni chochote isipokuwa mng'aro. Isitoshe, vigae hivyo vikiloa huteleza. Chagua vigae visivyometa, na dirisha hilo litiwe pazia jepesi.

NGAZI

Asiyeona vizuri huzikumbuka ngazi kwa miguu. Baada ya vipandio viwili mguu umejua kimo, na hutarajia cha tatu kiwe sawa. Kwa hivyo kosa kubwa la fundi si kipandio kirefu bali ni kipandio kimoja kilichopishana na wenzake, na mara nyingi huwa ni cha kwanza au cha mwisho, pale hesabu ya saruji ilipokataa. Vipimo vinavyopendekezwa sana kwa majengo ya umma ni kimo kisichozidi milimita 170 na kina cha kukanyaga kisichopungua milimita 280. Vyote viwe sawa kuanzia chini hadi juu.

Kila kipandio kiwe na mstari wa rangi inayopishana na saruji, wenye upana wa milimita 50 hadi 65, uliopigwa ukingoni kabisa toka upande mmoja hadi wa pili. Ukipigwa nyuma ya ukingo humdanganya mtu, akadhani kipandio kimekoma kabla ya mwisho wake. Manjano juu ya saruji ya kijivu au juu ya sakafu nyekundu ya zamani huonekana vizuri.

Reli iwe pande zote mbili, kimo cha sentimita 90 hadi 100, na isikatike kwenye kona. Muhimu zaidi, iendelee mbele sentimita 30 baada ya kipandio cha mwisho, chini na juu. Urefu huo mdogo wa bomba ndio uliokosekana siku ile Mwalimu alipoanguka. Reli ni maandishi yanayosomwa kwa kiganja. Ikikoma, msomaji huamini habari imekwisha.

Kipandio kimoja kilicho peke yake, kama kile kinachowekwa kati ya sebule na chumba cha kulia kwa ajili ya urembo, kisijengwe kabisa. Hali kadhalika, sehemu ya chini ya ngazi, pale dari inaposhuka taratibu, izibwe kwa ukuta mdogo au vyungu vizito vya maua kuanzia mahali kimo kinapopungua mita 2.1. Fimbo nyeupe hupita chini ya ngazi bila kugusa kitu, na paji la uso ndilo linalopata habari.

NJIA IWE WAZI

Fimbo nyeupe husoma ardhi. Hutambua ukuta, shimo na kitu kilichosimama chini. Haitambui kilichoning'inia. Kizima moto kilichotundikwa ukutani, dirisha lililofunguliwa kuelekea njiani, kibao cha duka, tawi la mti au kioo cha pembeni cha lori lililoegeshwa, vyote hivi humgonga mtu kifuani au usoni kabla fimbo haijamwambia lolote. Kanuni ya Marekani inasema kitu kilichotokeza ukutani kati ya takribani sentimita 70 na mita 2 kutoka sakafuni kisitokeze zaidi ya sentimita 10. Ikibidi kitokeze, kiwekewe kitako kinachofika chini ili fimbo ikiguse.

Huko nje barabarani tunayajua mambo yalivyo. Vifuniko vya mitaro vimeibwa na kuuzwa kama vyuma chakavu. Pikipiki za bodaboda zimeegeshwa mahali pa waendao kwa miguu, na bidhaa zimetandazwa hadi ukingo wa barabara. Mchuuzi anatafuta riziki, nami simlaumu. Ila baraza la mji likichora mstari na kuacha hata mita moja na nusu iliyo wazi siku zote, mahali pale pale, asiyeona ataijua njia yake kama ajuavyo njia ya kwao. Kinachomvunja moyo zaidi ya kizuizi ni kizuizi kinachohamahama.

KUGUSA NA KUSIKIA

Kwa wale wasioona kabisa, jengo lizungumze kwa miguu, vidole na masikio. Mwaka 1965 Mjapani mmoja, Seiichi Miyake, alibuni vigae vyenye vinundu ili kumsaidia rafiki yake aliyekuwa akipoteza uwezo wa kuona. Vilitandazwa barabarani kwa mara ya kwanza Machi 18, 1967, karibu na shule ya wasioona katika mji wa Okayama, na leo vimeenea ulimwenguni. Lugha yake ni rahisi: vinundu vya mviringo humwambia mtu "simama, pana hatari", na mistari mirefu humwambia "fuata huku". Vinundu hufaa kuwekwa juu ya ngazi, kwenye kivuko cha barabara na ukingoni mwa jukwaa la garimoshi. Kwa kawaida huwa vya manjano ili wenye uoni hafifu nao wavione.

Lakini ni lazima vitandazwe na anayeijua lugha hiyo. Vigae vya mistari vinavyoishia kwenye nguzo ya taa ni afadhali visingekuwapo. Mwulize asiyeona apite juu yake kabla saruji haijakauka.

Kwenye lifti, vitufe viwe na nambari zilizoinuka pamoja na breli, na sauti itangaze orofa. Nasisitiza nambari zilizoinuka kwa sababu ya kidaktari: kisukari, ambacho ni miongoni mwa magonjwa yanayoharibu macho, huweza pia kuua hisi katika vidole. Mgonjwa wa namna hiyo hawezi kuvipambanua vinundu vidogo vya breli, lakini anaweza kuitambua nambari kubwa kwa kidole au kwa macho yake machache. Hawezi pia kutegemea nyayo zake pekee.

Siku hizi hospitali na benki nyingi huita wateja kwa nambari inayomulika kwenye skrini. Nambari hiyo iitwe kwa sauti pia. Halafu kuna suala la kelele. Asiyeona hutambua ukubwa wa chumba na mahali pa mlango kwa mwangwi wa hatua zake. Duka linaloweka vipaza sauti mlangoni na kupiga muziki kutwa kucha limemziba macho yake ya pili.

SHERIA YASEMAJE?

Hili si suala la huruma. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu mwenye ulemavu haki ya kufika kwa njia ifaayo mahali pote, kutumia usafiri wa umma na kupata habari. Kenya iliidhinisha mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu mwaka 2008, na kifungu chake cha 9 kinahusu majengo, barabara na usafiri. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 iliwataka wenye majengo ya umma wayarekebishe, na mwaka 2025 Bunge lilipitisha sheria mpya iliyochukua nafasi yake.

Taifa hili limekuwa likiwasomesha wasioona tangu 1946, ilipoanzishwa shule yao mjini Thika. Tumewapa watu hawa elimu, kisha tukawajengea ofisi wasizoweza kuingia bila kushikwa mkono. Mwanakandarasi akumbuke kwamba mstari wa rangi ukiwa kwenye ramani tangu mwanzo hauongezi gharama ya maana. Kinachogharimu ni kubomoa baadaye. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

ANZA NYUMBANI

Iwapo unaishi na mzazi, nyanya au ndugu asiyeona vizuri, fanya haya wikendi hii:

1. Piga mstari wa manjano kwenye ukingo wa kila kipandio, ndani na nje.

2. Hakikisha kila ngazi ina reli, na kwamba reli inapita kipandio cha mwisho.

3. Ondoa mazulia madogo, nyaya za umeme na viti vidogo njiani. Kila kitu kiwe na mahali pake, na ukikihamisha, mwambie.

4. Mlango ufunguliwe wote au ufungwe wote. Mlango ulioachwa nusu humpasua mtu paji la uso.

5. Weka taa njia ya kwenda chooni usiku, na utepe wa rangi kuzunguka swichi.

6. Mezani, tumia tofauti ya rangi. Ugali mweupe kwenye sahani nyeupe hauonekani. Maziwa yatiwe kwenye kikombe cheusi, na chai ya rangi kwenye kikombe cheupe.

7. Ukitaka kumwongoza, usimvute wala kumsukuma. Mpe mkono wako ashike juu kidogo ya kiwiko, utangulie nusu hatua, na umwambie kama ngazi zapanda au zashuka.

8. Kabla ya kubadilisha chochote, mwulize yeye. Ndiye fundi mkuu wa shida hii.

Nawe mwenyewe, ikiwa umefikisha miaka 40, na hasa ikiwa mzazi au ndugu yako ana glakoma, nenda ukapimwe macho. Glakoma haina maumivu mwanzoni, na kilichopotea hakirudi. Mtoto wa jicho, kwa upande mwingine, huondolewa kwa upasuaji mfupi, na ndio unaoongoza kwa kupofusha watu ulimwenguni. Usikubali kuambiwa kwamba ni uzee tu.

MWALIMU LEO

Baada ya kuulizwa swali lile, nilitoka nje ya kliniki yangu nikaingia tena kama mgonjwa. Mlango ulikuwa kioo kitupu. Sakafu ilikuwa nyeupe yenye kumeta, viti vyeupe, na kijimeza cha magazeti kilikuwa katikati ya njia. Nilikuwa nimefanya kazi humo miaka kumi na moja.

Tumebandika mistari miwili mipana kwenye kioo, mmoja usawa wa kiuno na mwingine usawa wa uso, tukaweka kipini cheusi. Viti vimevalishwa vitambaa vya buluu. Kijimeza kimeondolewa, na mpokezi sasa huita majina kwa sauti na kumfuata mtu mahali alipoketi. Kwenye faili ya kila mgonjwa wa macho, wa kisukari au aliyezidi miaka 60, nimeongeza swali moja: "Nyumbani kwako, ni wapi unapojikwaa?" Majibu ninayoyapata hayamo katika kitabu chochote nilichosoma chuoni.

Mwana wa Mwalimu alimleta fundi wa kuchomelea vyuma, akaongeza kipande cha reli pale chini. Mwenye nyumba alikubali vipandio vipigwe manjano baada ya wapangaji wengine kusema kwamba nao hujikwaa hapo umeme ukipotea. Kazi yote iligharimu fedha chache kuliko siku moja ya kitanda cha hospitali. Nyonga ya Mwalimu haijarudi ilivyokuwa, na sidhani kama itarudi. Bado anachechemea na hutembea kwa mkongojo. Wahenga walisema hujafa hujaumbika.

Alipokuja mwezi uliopita alisimama nje ya mlango, akaunyoshea mkono moja kwa moja kipini na kuufungua. Nilifurahi, nikamngoja aseme neno. "Mlango ni mzuri, Daktari," akasema. "Lakini kipandio cha huko nje bado hakionekani."

Jumamosi hiyo nilinunua kopo la rangi ya manjano. Nawe msomaji, kesho asubuhi unapotoka kwenda kazini, vitazame vipandio vya kwenu kabla hujavishuka, na umwulize mzee wa nyumbani ni kipi anachokiogopa.